Kasiksi Aliyokunywa Tonton Philémon

Naapa. Naapa kwa kaburi la mama yangu, kwa jicho langu la kushoto ambalo ndilo linaloona vizuri, na kwa pensheni yangu ambayo serikali imenitunzia vizuri hata leo sijaiona: kila neno la sura hii ni kweli tupu. Sijatia chumvi. Hata mvua ya Jumapili ile ilinyesha kweli, mwezi wa pili, mwaka elfu mbili, ikaishukia Bukavu kwa hasira hadi sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakapanda mfereji wa Nguba wakidhani ziwa limehama. Niliwaona. Mmoja alikuwa anauliza njia.

Lakini ndani ya nyumba ya marehemu Zagabe hakuna aliyeisikia mvua.

Kila mwaka, Jumapili iliyo karibu na siku aliyokufa mzee, familia ilitoka misa, ikala, kisha maman Eulalie, mjane wake, akaondoa sahani na kuweka folda mezani. Hapo hapo salon iligeuka kuwa baraza, conseil ya Fondation Zagabe. Watu walewale waliokuwa wanagombania kichwa cha samaki dakika kumi zilizopita sasa waliitana Président na Madame. Ndivyo alivyotaka marehemu. Aliuza kahawa na kwinini miaka arobaini, na mvi zilipomjaa akasema mali isiyotoka nyumbani huoza kama ndizi zilizosahauliwa chini ya kitanda. Akaandika sheria kumi na mbili kwa mkono wake mwenyewe, akazipeleka kwa notaire azigonge muhuri, na tangu hapo mkono wa Zagabe ukawa unafika mbali: kisima huku Kabare, paa la shule kule Walungu, vitanda vya wazazi upande wa Katana.

Kabla ya vita walitoa misaada kumi kwa mwaka. Sasa malori yalikuwa yamechukuliwa, depo imefagiliwa hadi misumari ya ukutani, na msaada uliobaki ulikuwa mmoja. Mmoja tu, kwa mkoa mzima.

Folda zilikuwa mbili. Ya kijani ilikuwa ya shule moja ya Kamituga iliyoomba paa. Ya njano iliomba serum na dawa za kolera kwa kituo cha afya cha Kabuhirwe, kilima kilicho nyuma ya Lwiro, ambako watu waliokimbia vijiji vinne walikuwa wanalala katika kanisa lisilo na milango. Kwenye kona ya ile folda ya njano palikuwa na alama ya kidole chenye matope.

Nsimire alijua kidole kile ni cha nani.

Alikuwa kitinda mimba wa nyumba ile, umri wake miaka ishirini na saba, na alikuwa secrétaire wa fondation. Kazi yake ilikuwa kwenda kuona kwa macho kabla familia haijatoa kitu. Mwezi wa kumi na moja alipanda Kabuhirwe kwa miguu na karatasi yake ya maswali. Infirmier, muuguzi wa pale, hakumtazama hata usoni. Alimpa chupa ya serum iliyokwisha kuunganishwa kwenye mshipa wa mtoto, akasema, “Mademoiselle, hatuna pa kutundika. Shika juu. Usishushe.”

Alishika. Mkono ulipokufa ganzi, akashika kwa mwingine. Saa mbili zikapita. Mtoto alipofumbua macho, ndipo na yule mwanaume alipoinua yake, mekundu kwa kukosa usingizi, akamtazama kama mtu aliyekuwa amesahau kwamba duniani kuna kitu kingine cha kutazama.

“Sasa uliza maswali yako,” akamwambia.

Nsimire alikuwa ameyasahau yote isipokuwa moja, la jina.

“Akonkwa.”

Tangu siku hiyo alirudi Kabuhirwe mara nne kwa dossier moja. Hata mtu asiyejua kusoma angezielewa ripoti zile.

Na Jumapili hii Akonkwa alikuwa hapo hapo nyumbani, nje, kwenye barza, juu ya benchi ya waombaji. Desturi ya fondation ilimtaka kila muombaji aje kuitetea dossier yake kwa mdomo wake. Alikuwa ametembea tangu Jumamosi alfajiri. Kupitia pazia la dirisha Nsimire aliona bega lake moja na kiatu kimoja, kimelowa, kimefungwa kwa kamba ya katani. Alijaribu kuandika tarehe kwenye daftari la mkutano, akaandika tarehe ya siku walipokutana. Akaifuta.

“Tuanze,” alisema Floribert, kaka yake mkubwa, aliyekuwa Président na aliyevaa tai hata kwa kunywa chai. “Kamituga, njia imekatwa tangu Noeli. Mabati haiwezi kupita. Kabuhirwe, masista batatubebea na camionnette yabo hadi chini ya kilima. Mi naona Kabuhirwe. Maman?”

“Kabuhirwe,” alisema maman Eulalie.

Moyo wa Nsimire uliruka. Akauminya kwa kiwiko chini ya meza, kama mtu anayezuia kuku asitoke kwenye kikapu.

“Basi article saba tu, njo tumalize.” Floribert alifungua kitabu cha sheria, akasoma bila kuangalia, kama mtu anavyosema Salamu Maria. “Kuna mutu humu mwenye undugu ao mahari na hawa benye kuomba?”

“Hapana,” alisema maman Eulalie.

“Hapana,” alisema Nsimire. Na kwa sheria ya dunia hakusema uongo. Mahari ilikuwa haijatolewa. Akonkwa alikuwa amemuahidi kwamba baba yake hatashuka mjini kuomba uchumba kabla ya Pasaka. Kati ya leo na Pasaka, Nsimire alikuwa amepanga kumketisha mama yake polepole, kumsuka nywele, na kumuomba iondolewe ile article.

“Tonton Philémon?”

Tonton Philémon, mdogo wa marehemu, alikuwa mtu mnene mwenye roho nyeupe, aliyekaa karibu na mlango kwa sababu kiti kingine hakikumtosha. Ndiye aliyekuwa kichwa cha ukoo tangu Zagabe azikwe, ingawa kichwa chenyewe mara nyingi kilikuwa kimelala.

“Mimi? Hapana, hapana,” alisema. “Undugu na nani? Yule muzee wa Kabuhirwe tu, njo alikuja kwangu Kadutu siku tatu zimepita. Muzee Venant. Baba wa infirmier. Mutu wa heshima! Akaniletea kasiksi ya ndizi.”

Floribert alishusha kitabu. “Tonton. Hawa waombaji, haturuhusiwi kukamata kitu yabo.”

“Sikukamata, Président. Nilikunywa.”

“Tonton!”

“Sasa mutu anatoka Kabuhirwe na kibuyu juu ya kichwa, nimurudishe nayo? Alikuja kushukuru juu ya matembezi ya fondation. Bote banashukuruka na kitu. Yule wa Walungu alinipa sungura, hamukusema neno.”

Maman Eulalie alikuwa ameweka miwani yake mezani, taratibu, miguu ya miwani ikitazama juu.

“Philémon,” aliita. “Muzee alikuja peke yake?”

“Hapana. Na babaume babili. Batu batatu, na makoti, na jua ile! Nikabaonea huruma.”

“Kibuyu kilifungwa na nini mudomoni?”

“Na kitambaa kyeupe, kizuri sana. Muniamini, nilikiweka, niko nacho nyumbani.”

“Na mrija?”

“Ulikuwa umoja. Yeye alianza, akanipa. Mi nikanywa, nikamurudishia.”

“Alisema nini mbele ya kunywa?”

Tonton Philémon alikuna shingo. “Maman Floribert, yule muzee anasema pole pole sana, na kasiksi ilikuwa inanukia. Alisema mambo ya nyumba yake na nyumba yetu. Nikasema ndiyo.”

“Ulisema ndiyo.”

“Nilisema ndiyo mara mbili.”

“Na mulikunywa hadi chini?”

“Eh, maman! Kasiksi njo inaachwaka?”

Kila Mushi wa milima hii aliyezaliwa na mama anajua: watu watatu wenye makoti, kitambaa cheupe, mrija mmoja, na mkubwa wa ukoo anayekunywa hadi chini. Hiyo si shukrani ya muombaji. Hiyo ni posa, na posa iliyopokelewa. Miaka kumi ya misaada ilikuwa imemzoesha Tonton Philémon kuletewa vitu na watu wanaoshukuru, hata siku alipoletewa ukwe aliupokea kama sungura.

Vichwa vyote viligeuka vikamtazama msichana pekee wa kuolewa aliyekuwa humo ndani.

“Nsimire,” alisema Floribert. “Ulijua?”

Aliweka kalamu chini. “Nilijua muzee atakuja. Sikujua ameisha kuja. Tulisema kiisha Pasaka.”

“Tulisema! Wewe na nani?”

“Na Akonkwa, Yaya,” alimjibu kaka yake.

“Kumbe ile maripoti!” Floribert alipiga folda ya njano kwa kofi. “‘Mwenye kuongoza kituo ni mutu wa moyo wa ajabu.’ Nikasema, dada yangu ameanza kuandika vizuri.”

Tonton Philémon alicheka kidogo, akaona hakuna mwenzake, akajidai anakohoa.

Maman Eulalie alizikariri bila kitabu zile sheria za mumewe. “Article saba. Aliyekula mkono wetu hataoa binti yetu. Aliyeoa binti yetu hatakula mkono wetu.” Kila mmoja alikumbuka ilikotoka. Shemeji wa Zagabe aliwahi kupewa mabati ya shule, yakaonekana juu ya bar yake mpya, na watoto walisoma mwaka mzima chini ya migomba. Zagabe alisema afadhali avunje undugu kuliko avunje jina.

“Basi iko rahisi,” Floribert alisema, na alikuwa ameshachukua folda ya kijani. “Kabuhirwe ni bakwe. Msaada inaenda Kamituga.”

“Yaya, umesema mwenyewe njia imekatwa! Mabati itabaki hapa inaota kutu.”

“Itangojea.”

“Mabati inaweza kungojea. Kolera haingojeake.”

“Sheria ni ya Papa, haiko yangu.”

“Papa angekuwa hapa—”

“Papa haiko hapa!” Sauti ya Floribert ilipasuka, na kwa nukta moja Nsimire aliona kwamba naye alikuwa anaogopa: jina la nyumba ndilo kitu pekee ambacho wenye bunduki hawakuwa wamepakia kwenye lori. “Tukitoa moja hii tu, mwaka huu, na tuitoe kwa mukwe, mu Bukavu batasema nini? Batasema Bazagabe banajilisha.”

Maman Eulalie alisimama. “Nsimire. Kuja tuangalie kama maji ya chai imechemka.”

Hakuna maji yaliyokuwa motoni. Kwenye korido ya kwenda jikoni, giza kidogo, harufu ya makaa yaliyozimwa, mama alimshika binti yake mikono yote miwili.

“Unamupenda?”

“Maman…”

“Nimekuuliza kitu ya mutu mukubwa. Nijibu kama mutu mukubwa.”

“Nikimusikia anakohoa kwenye barza, maman, najua kama ameisha kula ao hapana.”

Mama alifumba macho. Yeye mwenyewe alikuwa ameolewa na mwanaume wa barabarani, aliyelala Kamituga leo na Goma kesho. Alijua kuhesabu miguu ya mtu inapokaribia mlango.

“Mi sikatai mutu yenyewe,” alisema. “Nakatalia kilima yake. Kule juu bale batu ya bunduki banapita kila juma. Nilizika baba yako. Sitaki kuja kukutafuta weye mu musitu. Ile ni moyo yangu, nimekwambia wazi. Sasa sikia ingine. Posa inaweza kurudi.”

“Inarudiaka aje?”

“Philémon aliyekunywa anabeba kibuyu kingine kyenye kujaa, anakirudisha kwao. Na binti anakataa mwenyewe, mbele ya mwanaume, mbele ya bashahidi. Bila kusema ‘lakini’. Kiisha pale bo si bakwe tena, ni baombaji kama bengine. Serum inatoka kesho.”

“Na kiisha mwaka? Kiisha vita?”

“Atakuwa amekula mkono yetu, mwanangu. Soma article.” Kidole gumba cha mama kilikuwa kinamsugua kiganja, kama alivyokuwa akimfanyia utotoni akiwa na homa. “Sikulazimishi. Ukisema ndiyo kwa ule mwanaume, mi nitakupikia karamu, nalia lakini napika. Ila serum itabaki. Chagua weye.”

Nsimire aliegemea ukuta. Aliona lile kanisa lisilo na milango, na akina mama walivyojifunza kutolia kwa sauti ili wasiwaamshe wagonjwa wengine. Akaona pia nyumba ndogo ya matofali karibu na kituo, ambako Akonkwa alikuwa amemuonyesha dirisha moja na kusema, bila kumtazama, masikio yakiwaka, “Hapa panapata jua ya asubuhi. Kama mutu anapenda kusoma.”

Hakulia. Alirudi salon akimtangulia mama yake.

“Yaya,” alisema, “umuite.”

Akonkwa aliingia akiwa ameshika kofia yake kifuani. Alikuwa amekonda tangu Nsimire alipomuona mwezi wa kwanza. Aliwasalimia wakubwa mmoja mmoja kwa mikono miwili, akamfikia Nsimire, na macho yao yakafanya yale yaliyozoea kufanya, yakashikana kabla ya mikono. Alitabasamu kidogo. Alikuwa bado mtu mwenye furaha. Mwenye taabu, mwenye njaa, lakini mwenye furaha. Nsimire alimtazama vizuri, kwa pupa, kama mtu anavyokula kabla ya safari.

“Muheshimiwa Président,” alianza, “mu Kabuhirwe tuko na—”

“Ngoja kwanza,” alisema Floribert. “Dada yangu ana neno.”

Nsimire alisimama.

“Baba yako alikuja kwa Tonton Philémon siku tatu zimepita, na kasiksi ya posa.”

Uso wa Akonkwa ulishtuka, kisha ukafunguka kwa mshangao na aibu na furaha, vyote pamoja. “Alishuka? Muzee? Nilimwambia angojee! Batu ya bunduki balimuchomea mbuzi zake, akaanza kusema atakufa mbele ya kuona… Munisamehe, wakubwa, yeye ni muzee, alikuwa na haraka.”

“Posa itarudi kwenu,” alisema Nsimire. “Tonton atairudisha. Mi siolewi na Akonkwa mwana wa Venant. Sitamutaka leo, na sitamutaka siku ingine.”

Alisikia sauti yake ikisema hivyo, safi, kama ya mwanafunzi anayesoma somo kanisani. Alisikia Tonton Philémon akivuta pumzi. Akonkwa hakusogea. Kofia tu ndiyo ilijikunja polepole kati ya vidole vyake.

“Juu ya nini?” aliuliza, taratibu sana.

Mama alikuwa amesema bila ‘lakini’. Sababu nayo ni ‘lakini’ iliyovaa koti.

“Simutaki,” alisema Nsimire.

“Bashahidi bamesikia,” alisema maman Eulalie, na sauti yake ilikuwa imekauka. “Andika, Floribert.”

Floribert aliandika. Kisha, kwa sababu utaratibu ni utaratibu, alisafisha koo na kumwambia Akonkwa kwamba conseil imeipokea dossier ya Kabuhirwe, kwamba katoni zote za serum na dawa zitapakiwa Jumatatu asubuhi, na kwamba anatakiwa kuweka sahihi hapa, na hapa.

Akonkwa aliitazama karatasi. Akamtazama Nsimire. Hakuwa mjinga: mtu anayeweza kuupata mshipa wa mtoto aliyekauka huona pia njia nyembamba. Aliona folda ya kijani iliyosukumwa pembeni, na kile kitabu cha sheria kilichofunguliwa katikati ya meza, na akaanza kuelewa.

“Naomba ruhusa,” alisema. “Niongee na secrétaire kwenye barza. Dakika tano.”

Floribert alifungua mdomo. “Bape,” alisema maman Eulalie. “Mulango ubaki wazi.”

Mvua ilikuwa inapiga mabati hivi kwamba ilibidi wasimame karibu ili kusikilizana. Hawakugusana.

“Ni article gani?” aliuliza Akonkwa.

“Ya saba.”

“Inasema nini?”

Alimwambia. Alipomaliza, Akonkwa alicheka kicheko kifupi, kibaya, ambacho Nsimire hakuwa amekisikia kwake.

“Kwa hiyo umeniuza kwa makatoni.”

“Usiseme vile.”

“Niseme aje? Nilitembea siku mbili kuomba dawa. Nimefika, nakuta nimekuwa bei.” Macho yake yalijaa akayageuzia mvua. “Ungeniuliza, Nsimire. Unge-ni-u-li-za tu. Nilikuwa hapa inje, kwenye benchi. Hatua kumi.”

“Ningekuuliza, ungejibu nini?”

Aliigeuza kofia mikononi.

“Asubuhi ya jana, mbele utoke,” alisema Nsimire, “balikuwa bangapi chini?”

“Wacha.”

“Bangapi, Akonkwa?”

“Kumi na saba. Serum ilibaki ya babili. Sijui sasa. Niliacha mama Cibalonza anabapa maji ya chumvi na sukari na kijiko.”

“Basi nijibu. Ungechagua nini?”

Maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye mfereji wa paa, mazito, yenye rangi ya chai.

“Weye,” alisema mwishowe. “Ningekuchagua weye, Mungu anisamehe. Kiisha nisingeweza tena kuangalia mutoto mu macho. Wala weye.”

“Njo maana sikukuuliza.”

Akonkwa alifunika uso kwa kofia. Mabega yake yaliruka mara moja, mara mbili. Nsimire aliuona mkono wake mwenyewe ukiinuka kuelekea nywele za Akonkwa zilizolowa, akaushusha. Kupitia mlango uliokuwa wazi familia nzima ilikuwa inatazama meza kwa bidii.

“Sema mara moja tu kama ulisema uongo mule ndani,” alisema Akonkwa kutoka nyuma ya kofia. “Mara moja. Sitaomba tena.”

Na hapo, msomaji, ndipo mapenzi yanapomgeuka mtu. Kwa kuwa akisema “nilidanganya”, kukataa kwake kumebatilika, na mashahidi wako hatua sita.

“Uweke sahihi,” alisema. “Camionnette inatoka saa mbili.”

Akonkwa alishusha kofia. Alimtazama tena kama siku ile ya kwanza, kwa macho yale mekundu, ila sasa alionekana kama mtu anayejifunza jambo kwa moyo kabla hawajamnyang’anya kitabu. Kisha akaingia ndani, akainama juu ya meza, akaweka sahihi hapa, na hapa. Tonton Philémon ndiye aliyelia, kwa sauti, akijifuta kwa tai ya Floribert iliyokuwa karibu.

Jumatatu katoni zilipakiwa. Akonkwa alikaa nyuma, juu yake, chini ya hema. Nsimire alisimama getini na daftari akihesabu, maana ndiyo kazi yake. Hakuna aliyepunga mkono.

Basi vita vikaisha. Na asubuhi moja ya kiangazi, watu wa Nguba walisikia kengele za shingo, wakatoka nje: Akonkwa alikuwa anashuka barabarani na ng’ombe saba, wa mbele ana pembe ndefu kiasi kwamba polisi wa roulage alisimamisha magari ya pande zote. Maman Eulalie aliichana article ya saba kwa meno yake mwenyewe. Kwenye kathedrali padri alilia hadi akasahau majina ya maarusi, na Tonton Philémon—

“Simama hapo, Papa.”

Alhamisi iliyopita nilikuwa nawasomea majirani sura hii kwenye barza yangu. Aliyesema ni mama mmoja mwenye mvi, aliyekuwa amekaa kimya nyuma tangu mwanzo, mkoba magotini. Nilimdhani mgeni wa jirani. Kumbe ni Nsimire.

“Wewe mwaka ule ulikuwa wapi?” aliniuliza.

“Karibu karibu.”

“Karibu wapi?”

“Uvira,” nikasema, yaani kwenye ziwa lingine kabisa. Watu wakaanza kucheka. Niliyoyajua yote nilikuwa nimesimuliwa na Tonton Philémon, naye Tonton hakuwahi kusimulia kitu hadi mwisho.

“Mwongo analipa!” wakapiga kelele, maana ndiyo faini ya barza yangu. Nikatoa jogoo wangu mmoja, mwekundu, ambaye alikuwa ananiamsha tangu nistaafu. Nsimire alimpokea, akamfunga miguu, akamlaza pembeni ya kiti. Kisha akasema jogoo ni wa majirani. Deni lake yeye ni jingine. Nichukue kalamu, nifute ng’ombe wote saba, niandike anayoyasema, na nisitie hata neno. Ng’ombe nimewaacha ili mwone nilivyokamatwa. Mengine nalipa kama alivyodai:

“Serum zilifika Jumatatu jioni. Katika wale kumi na saba, watano walikuwa wameisha kufa. Kumi na wawili walipona, na wengine wengi baada yao. Mwezi wa nne wenye bunduki walipanda Kabuhirwe. Wakambebesha Akonkwa katoni zilizobaki, wakaingia naye msituni. Hakurudi, na mwili haukuonekana. Mwaka ulipoisha, kwao walitandika mikeka ya matanga bila mwili, nami nikaenda. Mama yake alikuwa amekaa mkekani na wanawake wa ukoo. Nilivua viatu ili nikakae nao. Mtu akanishika kiwiko, kwa heshima sana, akasema hapana, mademoiselle, nafasi yenu iko mbele. Wakaniweka kwenye kiti cha plastiki, kwenye mstari wa wafadhili. Muzee Venant akasimama mbele ya watu wote, akaishukuru Fondation Zagabe kwa moyo wake mwema. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikasimama, nikasema aksanti.”